Volti za stika na mlango uliokataa kufunga

Safu ya Mama Karakana

*Shikamoo Mama Karakana,*

*Mimi ni kijana wa miaka 27, seremala. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu kule Mpwapwa, baadaye nikapita kozi fupi VETA hapa Dodoma. Nina banda langu Nkuhungu, huu mwaka wa pili. Nilianza na vitanda na milango, lakini tangu mwaka jana watu wananiita makabati ya jikoni. Si unajua mji huu ulivyo sasa, kila ukigeuka kuna nyumba inapandishwa.*

*Shida yangu ni vifaa. Kila hela ninayoshika inaishia kwenye vifaa na bado sina vifaa. Drili ya betri nilinunua barabarani kwa 65,000, ubavuni imeandikwa 48V. Wiki ya sita betri ikawa haimalizi nusu saa, wiki ya saba ikafa. Grenda ilitoa moshi nikiwa site, nimeifungia kwenye sanduku. Patasi sita kwa 18,000, zikigusa mninga ncha inajikunja kama bati. Nina hata seti ya soketi vipande 108, na mimi si fundi magari. Skwea ya kupimia pembe na tepu nilipewa kama nyongeza siku niliponunua hizo patasi. Mwezi uliopita nilifunga milango minne Ilazo, miwili ikagoma kukaa, nikamwambia mwenye nyumba kuwa fundi ujenzi hakupiga timazi vizuri kwenye fremu. Aliniamini.*

*Sasa nimepata kazi kubwa Iyumbu, nyumba tatu za ndugu wa tumbo moja, majiko yote matatu. Wamenipa advansi. Nikitoa hela ya bodi na bawaba nabaki na 1,350,000 ya vifaa, na ninatakiwa kuanza baada ya wiki mbili. Nyumba mbili kati ya hizo bado hazijaingiziwa umeme.*

*Washauri ni wengi. Duka moja la mjini lina seti ya mashine tano za betri kwa 780,000: drili, ya kukazia skrubu, grenda, msumeno wa duara na mashine ya msasa, zote zinatumia betri moja, na betri ziko mbili. Mjomba hataki kusikia. Anasema nipande treni niende Gerezani, Dar, nikachukue mtumba wa Mjapani, kwamba chombo cha Mjapani unakuja kumrithisha mwanao. Jirani yangu anauza msumeno wa meza aliouchomelea mwenyewe, una mota kubwa, anataka 600,000. Na mchumba wangu anasema nisinunue kitu, nikodi, maana sanduku limejaa vyuma vilivyokufa na mahari bado.*

*Mama, nishike lipi?*

*Fundi wa Nkuhungu*

---

Marahaba mwanangu, habari za Nkuhungu na vumbi lake.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale kwenye milango ya Ilazo. Umepita hapo haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Kwa hiyo treni ya mjomba isubiri kidogo. Nenda kachukue ile skwea uliyopewa nyongeza.

Tafuta kipande cha bodi ya MDF chenye ukingo ambao haujaguswa tangu kiwandani. Bana mkono wa skwea kwenye ukingo huo, chonga penseli mpaka ichome, piga mstari. Sasa igeuze skwea, mkono uangalie upande wa pili, uianzishe kwenye alama ile ile, piga mstari mwingine. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima na mimi nakuomba radhi. Ikiachana kama mkasi, skwea ni mbovu, na hilo pengo unaloliona ni kosa lake mara mbili. Usilichukulie dogo. Skwea ya sentimita 30 ikikosea milimita 1 tu, ukifika juu ya mlango wa mita 2 umeshapotea karibu milimita 7. Mlango wa namna hiyo hauwezi kukaa hata fremu ingepigwa timazi na malaika. Yule fundi ujenzi pengine hana kosa lolote, maskini, na jina lake limeshachafuka Ilazo.

Ukiwa hapo hapo, itazame na tepu. Kile kichuma cha mbele kinachocheza kinatakiwa kicheze. Kinaingia na kutoka kwa kadiri ya unene wake chenyewe, ili ukikivuta kwa nje au ukikisukuma kwa ndani, kipimo kibaki kimoja. Nimewahi kuwa na kijana aliyekipiga nyundo kikakaza, akajisifu kwamba ametengeneza tepu. Alitengeneza tatu kabla sijagundua.

Basi hela ya kwanza kutoka mfukoni mwako iende huko: skwea ya chuma iliyo sawa, ambayo umeijaribu kwenye kaunta kwa penseli muuzaji akikukodolea macho, na tepu moja nzuri. Kazi ya makabati ni kazi ya pembe. Mashine itakukatia upesi, lakini ikipewa kipimo kibovu itakukatia upesi vile vile kitu kibovu.

Sasa tuje kwenye mashine, na hapa nikusimulie la kwangu. Miaka mingi nyuma, karakana yetu ikiwa bado Chang'ombe, nilinunua randa ya umeme kwenye duka moja kubwa Dar. Ilikuwa nzuri kweli, nyepesi, haina kelele. Mwaka wa pili ikaungua. Nikaipeleka kwa fundi wa mota, akaifungua, akaigeuza, akaniambia, "Mama, hii hata kaboni zake sijawahi kuziona." Kaboni ni vile vipande vidogo vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Nikaandika barua Dar, nikapiga simu, nikatuma mtu. Spea hakuna. Ile randa ikageuka kizuizi cha mlango wa stoo, na kazi hiyo iliifanya miaka tisa bila lawama.

Tangu siku ile sijanunua mashine yoyote kabla ya kupita kwa mafundi wa kufunga koili. Na ndilo neno langu kwako, mengine yote yananing'inia hapo: nunua kile ambacho Dodoma hii hii inaweza kukifufua. Kesho asubuhi, kabla hujakanyaga duka lolote, nenda kwa wale jamaa wanaofungua mota, wanaokaa wamezungukwa na nyaya za shaba kama viota. Mnunulie mmoja chai. Muulize maswali mawili: mashine zipi unaletewa kila wiki, na kaboni za mashine zipi unazo hapo kwenye kopo lako. Muuza duka anajua bei. Huyu anajua maiti. Atakutajia majina ya mashine ambazo zinakuja, zinapona na kurudi kazini, na atakutajia zile ambazo gia zake ni za kitu laini kama sabuni. Andika, kisha ndiyo uende dukani na karatasi yako.

Na hiyo grenda uliyoifungia sandukuni, mpelekee siku hiyo hiyo. Moshi si kifo kila mara. Inawezekana kaboni zimeisha zikawa zinatema cheche, inawezekana vumbi letu jekundu limeziba matundu ya hewa. Tena nakuuliza: siku ile ulitumia ekstensheni ya namna gani? Kama ilikuwa waya mwembamba wa mita 30, nusu umeviringwa kwenye gurudumu lake, basi mashine ilikuwa inahema. Waya mrefu mwembamba unakula volti njiani, mota inafanya kazi kwa shida na kupata moto, na ule uliobaki kwenye gurudumu unajipika wenyewe. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, ukunjue wote hata kama kazi iko hatua tano. Mashine nyingi zinazoitwa feki ziliuawa na ekstensheni.

Drili yako ya 48V sasa. Mwanangu, ile 48 ni stika. Seli moja ya lithiamu ya kwenye mashine hizi ni volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2 hivi. Ukizipanga tano mfululizo unapata 18, na zikiwa zimejaa 21. Ndiyo maana utaona mwenye kiwanda mmoja kaandika 18V, mwingine 20V, mwingine 21V, na ndani ni seli zile zile tano. Hakuna aliyezidi. Lakini 48 ya kweli inataka seli 13 mfululizo, na kile kibetri chako hakina mahali pa kuziweka hata kwa kusukumiza. Nimeona zilizoandikwa mpaka 88 na zaidi. Akiandika elfu moja utanunua?

Kinachokupa saa za kazi ni ile namba nyingine ndogo, ampea-saa, inayoandikwa Ah, na nayo inadanganywa. Mizani haidanganywi kirahisi. Seli tano za kawaida peke yake ni karibu robo kilo, bado hujaweka ganda. Betri inayodai uwezo mkubwa inatakiwa iwe na seli kumi, karibu nusu kilo. Ukipewa betri imeandikwa 6.0Ah na mkononi ni nyepesi kama rimoti, irudishe. Kama huamini mkono wako, muuza nyama wa jirani ana mizani.

Turudi kwenye ile seti ya 780,000. Sikuambii ni mbaya, sijaiona. Ninachokuambia ni kwamba unanunua mashine tano ili utumie moja na nusu. Wewe una banda lenye umeme wa LUKU. Msumeno wa duara unaokata bodi siku nzima na mashine ya msasa ni walevi wa betri, na betri ziko mbili. Utakuwa fundi wa kusubiri chaji. Mashine ya waya ya bei ya kati ina nguvu kuliko ndugu yake wa betri wa bei ile ile, na haizeeki ikiwa imekaa. Betri inazeeka hata usipoigusa, na kwa jua la hapa, ukiiacha kwenye boksi la pikipiki toka asubuhi, inazeeka upesi zaidi.

Kitu pekee ambacho Iyumbu inakidai kiwe cha betri ni drili, kwa sababu nyumba mbili hazina umeme na kabati lazima likazwe ukutani. Nunua drili moja ya betri, nzuri, yenye betri mbili na chaja, kutoka kwenye ukoo ambao ukihitaji betri ya tatu mwakani utaikuta hapa hapa mjini. Nimesema ukoo makusudi. Betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye mashine za nyingine, kwa hiyo siku unanunua drili ya kwanza umeshaoa familia nzima. INGCO na Total zimejaa madukani kwetu, Makita, Bosch na DeWalt unazijua kwa bei zake. Sikuchagulii. Karatasi ya fundi koili ndiyo itakuchagulia.

Mjomba wako nampa heshima yake, na nusu ya maneno yake ni dhahabu. Nusu nyingine itakuunguza. Umeme wa majumbani kule Japani ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Mashine ya mkono iliyotumika Japani, ikaletwa kwenye kontena ikiwa inang'aa, ukiichomeka ukutani Nkuhungu inaungua kabla hujamaliza kusema bismillah. Zile za Uingereza zenye plagi nene ya njano ni za kwenye majengo yao, volti 110, nazo ni kilio kile kile. Zipo transfoma za kupunguza umeme, lakini ni mzigo mwingine wa kununua na kubeba. Mtumba wowote wenye waya, pindua, soma kibati chake: 220 mpaka 240, kama hakuna, weka chini. Na mtu akikuapia kwamba drili yake ya Hitachi ni mpya kabisa, imetolewa kiwandani juzi, mwangalie machoni. Mashine za mkono za Hitachi zilibadilishwa jina kuwa HiKOKI mwaka 2018, na Marekani zikaitwa Metabo HPT. Hiyo "mpya" ama ilikaa ghalani miaka, ama ina baba mwingine.

Dhahabu ya mjomba ni vile visivyo na waya. Jiliwa ya chuma cha zamani, randa ya mkono, klampu ndefu za chuma, nyundo, tindo. Chuma hakina volti. Klampu hasa ndizo zitakazokutesa kwenye makabati, maana ukishapaka gundi hakuna anayekungoja, na fundi wa majiko mwenye klampu mbili ni sawa na mama lishe mwenye sufuria moja. Ukipata siku, treni tangu 2024 imefanya Dar kuwa safari ya kwenda na kurudi, na Gerezani haiko mbali na stesheni. Nenda na kipande cha rula ya chuma iliyonyooka, ukiiweka chini ya randa kinyume na mwanga usione jua linapita katikati. Rudi na klampu sita na jiliwa. Ukirudi na mashine ya umeme nitajua hukunisoma.

Ule msumeno wa jirani sitaki hata bei yake. Kwanza umesema mota kubwa: ni ya fezi tatu? Banda lako lina fezi tatu? Lakini hata kama lingekuwa nayo. Msumeno wa meza uliochomelewa mtaani karibu kila mara hauna kinga ya juu, na hauna lile bamba jembamba linalosimama nyuma ya meno kuzuia ubao usifumbe na kuyabana meno. Ubao ukifumba, meno ya nyuma yanaunyanyua na kuurusha kwa aliyesimama mbele, na mkono uliokuwa juu ya ubao unaweza kuvutwa kwenye meno. Karakana yetu iliwahi kuwa na msumeno huo. Kijana mmoja aliacha vidole viwili vya mkono wa kushoto pale, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, akikata ubao wa kawaida kabisa wa msindano. Mpaka leo akinisalimia ananipa mkono wa kulia na kuuficha ule mwingine mfukoni. Msumeno tuliuuza kama chuma chakavu. Kuna mtu alitaka kuununua mzima, nikakataa.

Na kwa kuwa una grenda, ngoja nimalize hili maana nalijua jiji hili. Usije ukafunga diski ya msumeno wa mbao kwenye grenda. Najua kila mtu anafanya. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, msumeno wa duara wa mkono ni kama 5,000 hadi 6,000, na diski ya mbao imetengenezwa kwa mwendo wa msumeno. Ili iingie, watu wanatoa kinga. Meno yakinasa kwenye kifundo, grenda inakurukia usoni au pajani, na huna mkono wa kuizuia. Hata zile diski za kukatia chuma zina tarehe: tazama pete ya bati pale katikati, mwezi na mwaka umegongwa. Gundi inayoshika diski inazeeka. Iliyopitwa na wakati unauziwa kwa bei ya kutupa, na kweli ni ya kutupa.

Utakata na nini basi? Mchumba wako keshajibu, ila hukumsikiliza kwa sababu alichanganya na mahari. Zile karatasi za bodi, pale unaponunua uliza kama wana mashine kubwa ya kukatia, wengine wanabandika na ukingo hapo hapo. Wape orodha ya vipimo, lipa kwa kila mkato, pakia vikiwa tayari. Mkato wa ile mashine hautaupata kwa msumeno wa meza wa jirani hata ungeupewa bure. Gharama hiyo iweke kwenye bei ya mteja, ndiyo kazi yake.

Bado utahitaji msumeno wa duara wa waya, wa kawaida, kwa marekebisho na kwa milango. Hapa siri iko kwenye diski. Ile inayokuja na mashine mara nyingi ina meno 24 au karibu na hapo, ni ya kupasua mbao. Ukiipitisha kwenye bodi ya melamini inakwanyua ngozi kama panya. Nunua diski ya meno 60, na kabla ya kulipa hakikisha tundu la katikati linalingana na mashine yako, maana yapo ya 16, ya 20 na ya 30. Funga ubao ulionyooka kwa klampu uwe njia ya msumeno. Kwa bawaba za kabati utataka keekee pana ya milimita 35. Usinunue ya bei ya chini hapo, ikitetema itatokea upande wa pili wa mlango, na mlango wa bodi ya milimita 16 haukusamehe.

Patasi zako hizo sita zifungulie makopo ya rangi. Nunua mbili, ya milimita 12 na ya 25. Dukani omba uiguse kwa tupa, ubavuni karibu na ncha. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikizama kama kwenye jibini, iache. Lakini nawe nikuulize, unanoa wapi? Kama unazinolea kwenye grenda mpaka ncha inakuwa ya bluu, hata patasi ya Mjerumani ingejikunja. Ile bluu ni ugumu umeondoka. Noa taratibu, chovya majini kila inapoanza kupasha vidole. Jiwe zuri likikushinda bei, bandika msasa wa maji kwenye kipande cha kioo kinene, anza na 400, nenda 1000, malizia 2000, pembe ya digrii 25 mpaka 30. Ni mfano wa kitu rahisi kinachoshinda kitu ghali. Wapo pia wahunzi wanaofua patasi kutoka kwenye springi za lori, na nimeziona zikidumu kuliko za dukani.

Msumeno wa mkono uangalie meno. Yenye ncha nyeusi au za bluu yamechomwa, ni makali sana lakini hayanoleki, yakiisha yameisha. Mimi napenda yale meupe ya kawaida, na tupa ya pembe tatu.

Kuhusu hela. Weka skwea, tepu, patasi mbili na vya kunolea kwenye 120,000. Drili ya betri isipite laki tatu. Msumeno wa duara 250,000 na diski yake 60,000. Klampu na jiliwa 150,000, keekee 50,000. Miwani na barakoa nzuri, si ile ya kitambaa, 40,000, na usiziondoe kwenye hesabu ukibanwa: vumbi la MDF lina gundi ndani yake, na la mninga umeshalijua linavyochokoza pua. Hapo umetumia 970,000. Zinabaki 380,000, na hizo usiziguse mpaka jiko la kwanza limesimama. Jiko hilo ndilo litakuambia umepungukiwa nini. Kama kila siku umeenda kwa jirani kuazima mashine ya msasa, inunue. Kama umeiazima mara moja, mchumba wako yuko sahihi, kodi.

Dukani chomeka mashine, iwashe dakika tano, inusishe. Funga keekee mdomoni mwa drili, izungushe, kama ncha inachora duara hewani badala ya kusimama, ipeleke chini. Dai risiti ya EFD na uandikiwe muda wa waranti kwa kalamu, kwa sababu ya mdomo itakwisha ukitoka mlangoni. Ukigundua umeuziwa jina bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na bila risiti hutakuwa na cha kuwaonyesha.

Ile seti ya soketi mpelekee fundi magari wa karibu, muuzie.

Halafu Jumamosi, ukiwa na skwea mpya, nenda Ilazo. Huhitaji kujieleza sana. Mwambie mwenye nyumba umekuja kuipima ile milango upya, shusha ile miwili, pima fremu kwa timazi mbele yake. Kama fremu ni mbovu, ataona mwenyewe. Kama ni milango, irudishe Nkuhungu uitengeneze bila kumdai, na yule fundi ujenzi umpigie simu.